Mgeni Kwenye Shuka Jeupe

Wakesho anaishi milimani, Taita, kwenye ukungu na baridi. Anapenda nondo.

Nondo ni mdudu kama kipepeo. Mchana hulala. Giza likiingia, huruka.

Shangazi Mkawasi naye huwapenda. Jioni hutundika shuka jeupe uani na kuwasha taa. Nondo huja, pepe, pepe, pepe.

Asubuhi moja, Wakesho aliona jani la kijani kwenye shuka. Akasogea. Jani lilikuwa na miguu! Kumbe ni nondo!

Macho yatazame. Mikono itulie.

Shangazi alimpiga nondo picha, akaituma kwa Bwana Mwadime, mtaalamu wa wadudu huko mjini.

Bwana Mwadime alijibu kwamba nondo wa kijani ni wengi. Lakini kama huyu ana doa jekundu kwenye mabawa ya chini, basi ni mgeni. Hajawahi kuonekana kwenye milima hii.

"Nitumieni picha ya doa," alisema. "Bila doa, siwezi kuwa na hakika."

Lakini nondo alikuwa amefunga mabawa, ndi!

Wakesho alinyoosha kidole. Kisha akakirudisha. Mabawa ya nondo ni laini mno, yangeharibika.

Macho yatazame. Mikono itulie.

Ko, ko, ko. Kuku akaja. Alimwona nondo. Alikuwa na njaa.

Wakesho akasimama mbele ya shuka. Kuku akaenda kulia. Wakesho akaenda kulia. Kuku akaenda kushoto. Wakesho akaenda kushoto.

"Huyu si chakula chako," alisema Wakesho. Akamtupia mahindi mbali, kule kwenye migomba. Kuku akakimbia huko.

Jua likashuka. Ukungu ukaja. Nondo hakusogea.

Macho yatazame. Mikono itulie.

Halafu, vrrr. Vrrr. Nondo akaanza kutetemeka.

"Shangazi, lete simu," alisema Wakesho. "Anapasha mwili moto. Anataka kuruka."

Mabawa yakafunguka polepole. Doa lilikuwepo, jekundu kama pilipili.

Kacha! Shangazi akapiga picha.

Nondo akaruka juu ya paa, akaenda zake.

Shangazi akaituma picha. Punde simu ikalia. Bwana Mwadime alisema ni yeye hasa, wa kwanza kuonekana kwenye milima hii. Akauliza ni nani aliyemwona, ili aandike jina.

"Ni mimi," alisema Wakesho. "Wakesho."

Usiku, Shangazi alimfunika blanketi.

"Shangazi, nondo wetu yuko wapi sasa?"

"Anatafuta chakula, mwanangu. Sisi tukilala, wao huamka."

Wakesho akafumba macho. Sasa ilikuwa zamu ya nondo.