Matundu ya Nyuki Weusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Goodness aliosha vyombo na kuvianika kichanjani, chini ya mpesheni. Akirudi alivikuta vimejaa unga wa mbao. Nyuki wakubwa weusi walikuwa wametoboa nguzo tatu kavu zilizoshikilia mmea ule, na mama yake, Edna, alimsema yeye kwa uchafu.

Jioni moja Goodness alimimina mafuta ya taa kwenye matundu ya nguzo ya kwanza, akayaziba kwa udongo. Kesho yake sahani chache tu zilikuwa na unga. Mama akamsifu. Basi jioni iliyofuata akamaliza nguzo ya pili, halafu ya tatu, bila kumwambia mama alichofanya.

Mvua zilipokuja mpesheni ulichanua sana. Kila ua lilifunguka siku moja, likajifunga, likadondoka bila kushika tunda. Wiki ya tatu mama akashika panga aukate. Mmea ule aliupanda marehemu baba yake Goodness, enzi za kibarua chake cha kahawa. Edna alisema amechoka kumwagilia kumbukumbu.

Mzee Bartolomeo, jirani yao hapo Ganako, alipita akitoka kwenye mbaazi zake, akauliza wale nyuki weusi wamekwenda wapi. Ua la pesheni ni kubwa, alisema. Nyuki wadogo hupita chini bila kuligusa. Wale weusi ndio hubeba chavua mgongoni, na ua likashika tunda.

"Niliwaua mimi, babu," Goodness akasema. "Walikuwa wanachafua vyombo."

Mama hakumpiga. Mzee alipasua nguzo moja. Ndani mlikuwa na vyumba vidogo vilivyotengwa kwa unga wa mbao, kila kimoja na donge la chavua na mtoto mmoja mweupe, amekauka. Nyuki mama yao alikuwa amelala mlangoni, amekufa.

Mzee aliwaonyesha kuhamisha chavua kwa kidole, ua hadi ua. Yalibaki maua sita. Mawili yakashika matunda, na panga likarudi ndani.

"Siku ya kwanza kosa lilikuwa dogo," mama akamwambia. "Ungesema, nguzo mbili zingebaki na nyuki wake. Nami niliona vyombo vimetakata, sikuuliza. Kosa lisemwe likiwa bado bichi, mwanangu."

Walisimika nguzo nyingine kavu kwa ajili ya nyuki. Kila arudipo kutoka shuleni, Goodness huanza kwa kupitisha kidole juu ya sahani, akitafuta unga wa mbao. Mpaka leo ni safi.