Akaunti ya Mgeni

Hulda aliikuta karatasi alfajiri, imesukumwa chini ya mlango wa jikoni. Aliisoma akiwa bado ameshika ufagio.

"Wakulima wote wa Garsen, hameni kabla ya Ijumaa. Atakayebaki atazikwa hapa hapa. Ni sisi wenye ng'ombe."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kulipopambazuka, karatasi kama ile ilikuwa imeonekana mlango kwa mlango mtaani, na akina mama walikuwa wakifunga magodoro kwa kamba.

Saa tatu asubuhi Inspekta Nadhira aliingia sebuleni kwa Mwalimu Kotile, mume wa Hulda, pamoja na Koplo Sadiq. Nadhira alikuwa amerudi usiku wa manane kutoka kwao Kipini, na macho yalimwasha. Nje ya ua walisimama wanaume wenye mapanga. Hawakupiga kelele. Kimya chao ndicho kilichomtisha Nadhira, hata akamwambia Sadiq afunge mlango kwa komeo.

"Mimi ndiye niliyewapigia simu," Kotile alisema, akiwaonyesha kompyuta ya mezani iliyokuwa pembeni. "Nilikuwa nachapisha mtihani, nikakuta hii."

Kwenye kioo yalikuwa maneno yale yale ya karatasi. Yalikuwa yamehifadhiwa katika akaunti ya mgeni, Jumatano, saa nane na nusu mchana.

"Akaunti ya mgeni hutumiwa na nani?"

"Mpangaji wangu, Roba. Na Kazungu fundi, akija. Lakini jana mimi nilitoka kungali giza kwenda Wenje, nikarudi baada ya magharibi. Mke wangu alikuwa kwenye kikao cha kanisa. Mchana hapa alikuwa Roba peke yake, na kwao ni wafugaji." Alishusha pumzi. "Simhukumu, afande. Nasema tu kilichoandikwa."

"Wale walio nje wameambiwa habari za Roba na nani?"

"Garsen ni ndogo, afande."

Roba alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, mikono kaibana katikati ya magoti. Alikuwa mwalimu kijana, shati lake limelowa jasho.

"Afande, usinitoe nje," alisema. "Nakuomba."

"Jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu. Nilirudi kutoka shule kichwa kinaniuma. Nikalala sakafuni kwa joto, feni haikuzunguka hata kidogo. Kompyuta sikuigusa, wallahi."

"Una ugomvi na mtu?"

"Ugomvi sina. Kesho nilitakiwa mbele ya wazee, niwaonyeshe malka ya zamani ilipopita." Alipoona Sadiq amekunja uso, akaongeza, "Njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Nilichunga pale nikiwa mtoto."

Hulda aliingia na sinia la vikombe. Kotile alitazama chai, akakunja midomo.

"Mbona ya rangi? Maziwa si yako kwenye friji?"

"Yamechacha," Hulda alijibu bila kumtazama. "Tangu jana."

Kotile alisonya, akageukia kompyuta.

Sadiq alimleta Kazungu kwa mlango wa nyuma. Fundi yule aliingia akicheka.

"Afande, mimi hugombana na betri mbovu tu. Binadamu nawaogopa."

"Mtu aliye kwenye akaunti ya mgeni anaweza kufanya nini?"

"Kuandika na kuchapisha, basi. Mwezi uliopita Mwalimu aliniita, akalalamika kwamba wageni wanamvurugia mipangilio. Leo lugha imebadilika, kesho sauti imezimwa. Nikamfungia kila kitu. Mgeni hagusi hata saa. Akiigusa, kompyuta inadai neno la siri la mwenyewe."

"Wewe unalijua neno hilo?"

"Ningelijuaje? Alinigeuza uso ukutani kama mtoto wa madrasa aliyekosa, ndipo akaliandika!"

Sadiq aliangua kicheko. Hapo hapo jiwe likagonga mabati ya paa, likabingirika mpaka chini. Hakuna aliyecheka tena.

"Na jana mchana, Kazungu?" Nadhira aliuliza.

"Jana nilikuwa mfalme. Mji mzima ulikuja kuchaji simu kwa jenereta yangu. Sikukaa kitako mpaka magharibi."

Nadhira aliinua macho. Feni ilikuwa ikizunguka juu ya vichwa vyao. Aliifuata kwa macho kwa muda, kisha akamgeukia Hulda.

"Mama, jana stima ilipotea saa ngapi?"

"Mapema, mwanangu, kabla sijatoka. Ilirudi watu wakiswali magharibi."

Nadhira alipiga magoti, akaufuata waya wa kompyuta kwa kidole mpaka ukutani. Haukupita kwenye betri yoyote.

"Basi saa nane na nusu kompyuta hii ilikuwa imezimika," alisema. "Barua iliandikwa usiku, stima iliporudi. Saa ya kompyuta ilirudishwa nyuma kwanza, kisha ikasogezwa mahali pake."

"Kazungu ni fundi," Kotile alisema haraka.

"Kazungu alishinda na jenereta. Mama alikuta maziwa yamechacha. Roba alilala kwenye joto hilo. Wote walijua stima haipo, na hakuna ambaye angeichagua saa ile. Aliyeichagua hakuwapo Garsen. Alirudi akakuta taa zinawaka kama kawaida, na hata leo ameuliza maziwa." Nadhira alimgeukia Kotile. "Tena analijua neno la siri. Uliwafungia wageni hata saa, Mwalimu. Ni nani mwingine angeisogeza?"

Kotile alirudi nyuma hatua moja.

"Ni ile migomba yako ya mtoni?" Hulda alimuuliza polepole. "Uliipanda katikati ya malka, Kotile. Nilikuambia."

"Nilitaka aogope tu!" Kotile alifoka. "Ahame kabla ya kesho. Wazee wangesikia nini bila yeye? Watu sikuwaambia waje na mapanga."

"Uliwaambia jina lake," Nadhira alisema. "Hayo mengine ulijua watayafanya wenyewe."

Nje mtu akapaza sauti, na wengine wakaitikia. "Mtoeni! Aliyeandika, mtoeni!"

Sadiq alitoa pingu. Kotile aliutazama mlango kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuuona. Wale aliowasikia walikuwa majirani zake, na bila kujua walikuwa wakimwita yeye, si Roba.

"Afande," alisema, "usinitoe nje. Nakuomba."

Nadhira alikuwa ameshika redio, akiomba gari la pili.

Hulda aliichukua karatasi juu ya meza, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Nitawaambia mimi," alisema. "Nimeishi nao miaka yote."

Alipolishika komeo, Roba aliinuka nyuma ya mlango. Alimtazama Kotile kidogo, kisha akakisukuma kigoda kwa mguu, taratibu, mpaka kikafika mbele yake.

Kotile akakikalia, mikono kaibana katikati ya magoti.