Mjaribu Namba Kumi na Saba

"Haya mrembo... taratibu... amka basi, usinitese..."

Hiyo ni sauti ya mume wangu, jamani! Saa nne asubuhi, ndani ya karakana yake, na mlango kaubana kwa komeo!

Mimi nimesimama nje na kikombe cha chai nilichomletea kwa mapenzi yangu yote. Chai ikamwagika, ikaniunguza kidole.

"Mke wangu hajui kama uko hapa," akaendelea, kwa ile sauti laini ambayo mara ya mwisho niliisikia kabla hajanioa. "Akikuona hivi, itakuwa msiba..."

Nikakiweka kikombe chini polepole. Nikajisemea, leo patachimbika.

Kabla sijawaambia nilichokiona, nijitambulishe kwa wasionijua. Mimi ni prodyuza wa muziki. Natengeneza biti kwenye chumba cha uani, mashuleni na kwenye matangazo zinapigwa, na mtandaoni wananiita Mama Biti. Mume wangu ni fundi wa redio, spika na vinanda. Nyumbani namwita Baba Pacha, naye ananiita Mama Pacha, kwa sababu ya watoto wetu wawili wa chekechea.

Sasa, sisi watu wa biti tuna ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa kusubiri.

Programu ya kompyuta ninayotumia kutengeneza muziki iliahidiwa apdeti kubwa, yaani toleo jipya, miaka sita iliyopita. Apdeti yenyewe inakuja na mashine yake mpya, ndogo, ya vitufe kumi na sita. Kila tukiwauliza wenye kampuni, jibu ni "hivi karibuni". Nyie! Nimebeba mimba ya pacha, nimejifungua, wameota meno, wameanza shule, na bado ni hivi karibuni!

Baba Pacha alikuwa ananicheka kila siku.

"Mama Pacha, hiyo apdeti yako itashuka pamoja na Kiama."

"Cheka tu. Wewe hujui ninachokisubiri."

Alikuwa anajua sana. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga dramu wa bendi. Kitu pekee kilichobaki cha mikono yake ni kaseti moja, anafanya mazoezi peke yake. Na baba hakupiga kama saa ya ukutani. Akifurahi anakimbia, akiona wachezaji wamechoka anapunguza. Programu zote nilizonazo zinataka mpigaji aifuate mashine. Nimejaribu kumkata baba vipande vipande ili alingane, anatoka kama mtu mwenye kwikwi.

Hii apdeti mpya ndiyo ya kwanza kuahidi kwamba mashine itamfuata mpigaji. Yaani ningeweza kumwekea baba besi na kinanda, na yeye akapiga vile vile alivyopenda. Kwa hiyo msinicheke na nyie.

Kampuni ikatangaza kwamba inatafuta wajaribu hamsini wa kutumiwa mashine kabla haijatoka. Nikaomba. Nikajaza mpaka anwani ya karakana, kwa sababu ndiyo wasafirishaji wanaijua. Siku zikapita, wiki zikapita, kimya. Nikajua wamenitosa.

Na wiki hizo hizo ndipo mume wangu alipobadilika!

Simu anapokelea nje. Karakana anafunga kwa ndani. Wifi yangu, dada yake Baba Pacha, ana saluni ukuta kwa ukuta na ile karakana, akaniita nikiwa naanika nguo.

"Wifi, mimi ni damu yake, lakini ukweli nitausema. Jana nimemsikia kaka kwenye simu anasema, 'Mke wangu asijue, nitakuja kuchukua mwenyewe.'"

"Kumchukua nani?"

"Ah! Kwani mimi ni yeye?"

Juu ya hapo, kaseti ya baba ikapotea kwenye droo. Nikageuza nyumba nzima. Nikamuuliza mume wangu, akasema, "Itaonekana tu," huku anaangalia pembeni.

Haya, sasa turudi mlangoni.

Nilizunguka hadi dirisha la nyuma, lenye pazia fupi la kitenge. Nikasimama juu ya kreti. Nikachungulia...

Hakukuwa na mwanamke!

Alikuwa mume wangu na hedifoni shingoni, kainama juu ya mashine ndogo nyeusi. Vitufe kumi na sita! Kioo kikawaka mbele ya macho yangu, yakatokea maandishi meupe: TOLEO LA MAJARIBIO. MJARIBU NAMBA 17.

Baba Pacha akarukaruka mwenyewe kama kafunga goli.

Jamani, bora angekuwa mwanamke! Mwanamke ningemkabili. Lakini huyu, mtu asiyejua hata kupiga vidole mezani kwa mpangilio, mtu aliyenicheka miaka sita, ndiye kaomba kwa siri na kapewa yeye? Mimi nimetoswa?

Nilishuka kwenye kreti nikaenda saluni. Machozi yananitoka ya hasira.

"Umemkuta na nani?" wifi akaniuliza, kitana mkononi.

"Namba kumi na saba!"

"Yuko na wanawake kumi na saba?!"

Sikuwa hata na nguvu ya kumwelewesha. Nikakaa pale chini ya feni, natafuna wivu. Nilimwonea wivu mume wangu mpaka nikaona sura yake mbaya, kweli kabisa, nikaanza kuhesabu kasoro za masikio yake.

Saa saba akatoka kwenda kuwachukua pacha shuleni. Nilimwona kupitia mlango wa saluni anatembea huku anapiga mluzi. Mluzi!

Ufunguo wa akiba ninao. Nikaingia.

Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa safi, kile anachofutia miwani yake. Pembeni kuna redio kaseti ya zamani, mlango wake uko wazi. Na ndani yake...

Kaseti ya baba yangu!

Hapo ndipo nilipopoteza akili. Kumbe hakunichukulia mashine peke yake, na baba yangu kamchukua? Anamchezea humu ndani, mimi mtoto wake nageuza magodoro?

Nikatoa simu. Nikaiwasha mashine, nikarekodi inavyoamka, nikasogeza kamera taratibu mpaka ile namba 17 ikaonekana vizuri. Nilijua nafanya nini. Kila mjaribu anasaini kutunza siri tangu anapoomba, na namba ile wanaiweka makusudi ili anayevujisha ajulikane.

Ninayo akaunti ya pili isiyo na sura wala jina. Nikaitupa video kwenye kundi letu la mtandaoni, la sisi tunaoisubiri apdeti. Nikaandika: "Wajaribu wenyewe ndio hawa, wamefungia mashine karakana."

Kundi lililipuka! Wengine wanalia kwa furaha, wengine wanatukana, mmoja akasema ameota hicho kioo. Ndani ya nusu saa msimamizi akaandika kwamba kampuni imeiona na namba 17 inashughulikiwa.

Nilishaifunika mashine na kurudi nyumbani, nikacheka peke yangu jikoni. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Kisha nikasikia geti.

"Mama Pacha! Mama Pacha uko wapi?" Sauti ina furaha. "Njoo, fumba macho!"

Pacha mmoja akanishika mkono huu, mwenzake mkono ule. Wananivuta hadi karakana wanacheka. Nikafumba macho nikijua kabisa naenda kuona nini. Nikasema moyoni, anakwenda kunitambia, mpuuzi huyu.

"Haya, fumbua!"

Nikafumbua. Kitambaa kimetolewa. Kioo chekundu.

KIFAA HIKI KIMEFUNGWA. MJARIBU AMEONDOLEWA.

Baba Pacha hakuwa ameangalia kioo, alikuwa ananiangalia mimi usoni. Alipogeuka akaona, rangi ikamtoka.

"Hapana... hapana, hapana! Ilikuwa inafanya kazi! Saa sita ilikuwa nzima hii!"

Akaichomoa, akaichomeka. Nyekundu. Akaipuliza. Nyekundu!

"Wamegundua nimeifungua. Nimeiua," akasema. Akakaa kwenye stuli yake. "Mama Pacha, nisamehe. Nimekuharibia."

"Umeniharibia nini?" nikauliza.

Akanisogezea boksi lililokuwa chini ya meza. Ndani kulikuwa na kadi imelala kifudifudi. Ilikuwa pale pale nilipokuwa narekodi, futi moja kutoka mguuni kwangu. Nikaigeuza.

Mjaribu namba 17. Halafu jina. Majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa!

"Ilifika wiki tatu zilizopita," akasema, kichwa chini. "Iliangushwa njiani. Kioo hakiwaki kabisa. Nikaona umesubiri miaka sita, halafu nikupe kitu kimekufa? Sijawahi kumkabidhi mtu kitu kibovu, halafu nianze na wewe? Nikasema nitengeneze kwanza. Kioo kingine kimekuja na basi jana, nikaenda kukichukua mwenyewe."

"Na kaseti?"

"Nilitaka kujaribu kama inafanya kweli kile ulichokuwa unakisubiri. Sasa wameifunga. Ni mimi."

Nikafungua barua pepe zangu kwenye simu. Upande wa barua taka, ambao huwa siugusi. Mbili zimekaa pamoja. Ya chini, ya wiki tano nyuma: "Hongera, umechaguliwa." Ya juu, ya dakika arobaini zilizopita: "Umeondolewa. Akaunti yako imefungwa moja kwa moja."

Wasomaji wangu, niwaambie kitu ambacho sijamwambia hata wifi. Ningeweza kunyamaza! Alikuwa ameshajipa kosa mwenyewe. Akaunti ile haina jina. Ningempigapiga mgongoni, nikasema basi mume wangu, bahati mbaya, na angeniona mke mwema mpaka anaingia kaburini.

Nikamwangalia alivyoinama pale, na bisibisi bado iko mfukoni mwa shati.

"Baba Pacha, hukuiua wewe. Ni mimi."

Nikamwonyesha video.

Aliitazama mpaka mwisho, mara mbili. Hakupiga kelele. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Uliona namba," akasema.

"Niliona namba."

"Ulitaka nifukuzwe mimi."

Pacha wakaacha kucheka, wakatoka nje wenyewe.

Baba Pacha akatoa simu yake, akaiweka mezani kati yetu.

"Saa sita niliirekodi, nikiijaribu. Ndiyo hiyo tu iliyobaki."

Akabonyeza.

Baba yangu akaanza kupiga. Chini yake ikaja besi ya noti mbili, ya kijinga, ya mtu asiyejua kinanda. Lakini baba alipokimbia, besi ikakimbia naye. Baba alipopunguza, ikapunguza, ikamngoja! Sekunde arobaini na tatu. Miaka sita yangu ilikuwa mle ndani.

Apdeti imetoka rasmi wiki iliyopita, na nyie wenzangu wa kundi mnaposti mashine zenu. Hongereni. Mimi akaunti yangu imekufa. Baba Pacha kaagiza nyingine kwa jina lake, wamemjibu: hivi karibuni. Tunaongea, tunakula pamoja, lakini ananiita "Prodyuza" siku hizi. Mama Pacha bado haijarudi mdomoni mwake.

Ninachowaambia ni hiki tu. Wivu ulinipa macho ya kusoma namba kwenye kioo kidogo, ukaninyima mkono wa kugeuza kadi. Ukimwona mtu wako anaficha kitu, gonga mlango. Gonga, hata kama chai inakuunguza kidole.

Ile rekodi nimeisikiliza mpaka naijua kila pumzi. Mwishoni kabisa, dramu ikishanyamaza, Baba Pacha anasikika ananong'ona, anacheka kidogo:

"Baba mkwe, leo binti yako atalia."

Na kweli nililia.