Mghoi Aliyefagia Msitu

Wewe unayecheka, koma! Hadithi haijaanza, umeshaanza kubisha? Kuna mtu alifagia msitu. Ndiyo, msitu. Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi kaa vizuri usikie.

Zamani, kabla lami haijapanda milima ya Taita, alikuwepo msichana jina lake Mghoi. Alikuwa mfupi, mwenye miguu mikubwa na kelele nyingi.

Mghoi alimaliza shule, akaenda kujitolea kwenye hifadhi ya msitu wa Mwalambe. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto nje, chini ya miti. Mshahara? Hakuna. Chai na viazi vitamu, basi.

Mzee Mwakio, mlinzi wa msitu, akamwonyesha mahali pa darasa.

"Kesho watoto wanakuja mara ya kwanza," akasema. "Wameahidiwa chura."

"Chura gani, mzee?"

"Mdogo kama punje ya mahindi. Anaishi hapa hapa. Wasipomwona hawatarudi, nawe utabaki ukifundisha mawe."

Mghoi akatega sikio.

Ti, ti, ti. Niko hapa chini.

Kesho yake aliamka kabla ya ndege. Akaliangalia darasa lake. Lo! Majani makavu kila mahali!

Kwao Mghoi, mgeni hakaribishwi kwenye ua usiofagiwa. Mama yake angeyaona majani haya, angesema nini?

Akaokota vijiti, akafunga ufagio.

Chwa, chwa, chwa! Safi, safi kabisa!

Akafagia chini ya miti. Akafagia kati ya mizizi. Majani yote akayarundika nyuma ya mwamba.

Chwa, chwa, chwa! Safi, safi kabisa!

Ardhi ikang'aa kama upara wa Mzee Mwakio.

Mghoi akatega sikio. Kimya.

Akatafuta huku, akatafuta kule. Chura hakuna. Jongoo hakuna. Hata sisimizi hakuna.

Mzee Mwakio akaja na kikombe chake cha chai. Akatazama chini. Akamtazama Mghoi.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimefagia, mzee."

"Umefagia msitu?"

"Ndiyo, mzee."

"Hayo majani ni nyumba ya chura! Ni paa lake, ni blanketi lake. Umefagia nyumba nzima ukaitupa!"

Machozi yakamlenga Mghoi. Na watoto hao, wanapanda mlima. Tapu, tapu, tapu.

Mbele yao alikuwa Saru, miaka sita, mdomo kama pilipili.

"Chura yuko wapi?" akauliza, hata salamu hakuna.

Mghoi angeweza kusema chura amesafiri. Hakusema hivyo.

"Nimefagia nyumba yake," akasema. "Sijui yuko wapi."

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. "Amefagia msitu! Amefagia msitu!"

"Dada, kesho utapiga deki mto?" akauliza Saru.

"Cheka. Ukimaliza, unisaidie kutafuta."

Saru akajifuta machozi ya kicheko. "Majani umeyapeleka wapi?"

"Nyuma ya mwamba."

Wakaenda polepole, kwa ncha za vidole. Wakalala kifudifudi karibu na rundo la majani. Hata Mghoi akanyamaza, na hilo halikuwa jambo dogo.

Wakangoja. Wakangoja tena.

Ti.

"Shhh!"

Ti, ti, ti. Niko hapa chini.

Saru akainua jani moja. Chura! Wa kahawia, mdogo kama punje ya mahindi. Pwi! Akarukia kidole gumba cha Saru.

Saru, mwenye maneno yote yale, akakiinua kidole polepole, wenzake waone.

"Nyumba ilihama, naye akahama nayo," Mghoi akanong'ona. "Sasa tumrudishe."

Wakayabeba majani kwa mikono miwili, kama mtu anavyobeba mayai. Wakayatandaza chini ya miti, kati ya mizizi, kila mahali. Na wakaimba:

Weka, weka, weka! Chafu, chafu kabisa!

Wiki iliyofuata watoto walirudi, wote. Saru alifika wa kwanza, na safari hii alisalimia.

Hayo ni ya zamani. Mzee Mwakio hayupo tena. Njia aliyopanda Saru imeota nyasi. Mghoi ana mvi, na magoti yake hulia kuliko mlango.

Kila asubuhi bado anafagia ua wake. Chwa, chwa, chwa. Lakini kona moja, karibu na tangi la maji, haigusi. Majani yanalala hapo mwaka hadi mwaka. Majirani husema amekuwa mvivu. Waache waseme.

Sasa lala. Usiulize huyo Mghoi ni bibi gani. Vuta blanketi lako, hakuna atakayelifagia. Ukinyamaza, utasikia kitu kule kwenye tangi.

Ti, ti, ti. Niko hapa chini.

Bibi anatoka. Mlango anaufunga.

Kwiii… tap.