Majivu Yaliyowaka Ghalani

Ngina alikuwa akipeta ndengu nyumbani kwake Mwala alipoona moshi ukitoka ghalani.

"Ndeti! Ghala inaungua!"

Mumewe alikuja mbio na mtungi wa maji. Waliuzima moto, lakini gunia moja la mahindi lilikuwa limeungua. Ngina alishangaa. Jiko lilikuwa mbali. Ghala lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye kiunoni.

"Ni Musembi tu," Ndeti alisema. Musembi alikuwa jirani yao, na jana yake waligombana juu ya mpaka.

"Angeingiaje?"

"Sijui, lakini leo atanieleza." Ndeti akachukua fimbo, akaondoka.

Ngina alirudi ndani ya ghala kuangalia. Kando ya mahindi palikuwa na gunia la majivu. Walikuwa wamelileta juzi kutoka kwa Peris, mchomaji wa matofali, ili wayatie shambani. Gunia hilo lilikuwa na tundu lenye kingo nyeusi. Lakini majivu yangeunguaje, nayo yameshaungua?

Alikimbia kwa Peris, akamweleza. Peris alichukua bonge la majivu kutoka tanurini, akalivunja kwa kijiti. Nje lilikuwa jeupe, ndani jeusi.

"Hii nyeusi ni makaa, mama. Moto ulikula nje tu. Majivu yakafunika, hewa ikakosa kuingia." Akalipepea. Weusi ukawa mwekundu.

"Bila kiberiti?"

"Joto ilikuwa ndani bado. Ikipata hewa, inawaka tena. Hata siku tatu baadaye. Pole, ilifaa niwaambie mapema."

"Uui! Ndeti ameenda kumpiga Musembi!"

Waliwakuta wawili hao wameshikana mashati. Peris alieleza yote upya. Ndeti aliangusha fimbo.

"Nisamehe, Musembi. Sikuelewa."

Musembi alinyoosha shati lake. "Hata mimi sijaelewa vizuri. Sasa majivu tuyafanye nini?"

"Yamwageni nje, mbali na nyumba," Peris alisema. "Muyatandaze, mmwage maji, mkoroge, mmwage tena. Mngoje mpaka yapoe kabisa hadi katikati. Msiyaweke ghalani."

Jioni hiyo Ndeti na Musembi waliyatandaza pamoja. Walipomwaga maji, majivu yalilia chaa, mvuke ukapanda. Wote wawili waliruka nyuma. Kisha Musembi akaenda kuongeza maji.