Lenzi ya Kuvuta

Asubuhi ya Jumanne mpiga picha alikuta lenzi imejivuta yenyewe. Aliiacha mezani ikiwa imefungwa, fupi kama kopo la maziwa. Sasa ilikuwa imerefuka hadi mwisho wake, mdomo umeelekea dirishani. Akamshuku binti yake wa miaka sita, mtoto wa maneno mengi ambaye tangu aanze kusema walimwita Chiriku, jina lake la cheti likasahaulika.

"Nani amegusa lenzi yangu?"

"Si mimi," alisema Chiriku, mdomo umejaa mkate. "Labda ilikuwa inajinyoosha. Hata mimi nikiamka najinyoosha."

Mama Chiriku alicheka hadi uzi ukamtoka kwenye sindano. Alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao, ghorofa ya pili, ndicho kilichokuwa karakana yake: cherehani chini ya dirisha, vitambaa hadi juu ya viti, meza ya mumewe imesukumwa pembeni. Mpiga picha naye akacheka, akaifunga lenzi. Mtu akishalicheka jambo asubuhi huwa hana muda tena wa kulifikiria.

Alikuwa na lenzi mbili, na mwezi mzima alikuwa hajui ashike ipi. Mhariri mmoja alimwomba picha arobaini za barabara yao, watu wakiwa katika shughuli zao. Lenzi ya kwanza aliachiwa na mwalimu wake, marehemu sasa. Ilikuwa fupi na haikuvuta kitu. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, sharti miguu ikupeleke hadi umfikie, akuone, umsalimu, na akikataa urudi ulikotoka. Mwalimu hakupiga picha kabla ya salamu, hata kama mwanga mzuri ungempita. Lenzi ya pili ndiyo hiyo ya kuvuta. Aliipata kwa muuza vitu vilivyotumika, ambaye aliifunga kwenye gazeti haraka haraka na kuonekana kufurahi kuliko mnunuzi. Kwa lenzi hiyo ya pili unaketi dirishani, unazungusha pete yake, na kinyozi aliye mwisho wa barabara anakujia mpaka unahesabu kope zake, naye hana habari.

"Tumia hiyo fupi," mkewe alimshauri. "Itakutembeza. Kitambi hicho kinahitaji barabara."

"Mtu akiniona anajipanga. Anatabasamu, anashika kola. Nawataka wakiwa wenyewe."

"Na wewe ukichunguliwa ukiwa mwenyewe, utapenda?"

Kwa wiki nzima alikuwa amekaa pale dirishani akivuta watu. Ukweli usemwe, alikuwa mvivu kidogo, na uvivu ukipata chombo kizuri hujiita sanaa.

Saa saba mchana, jua likiwa utosini na barabara imebaki tupu, alimwona mwanamke kwenye lenzi. Alisimama kule mwisho kabisa, karibu na tangi la maji, amevaa gauni la rangi ya majivu, kaipa barabara mgongo. Upepo ulikuwa ukirusha vumbi na karatasi, ukipeperusha nguo kwenye kamba, lakini gauni lile halikutikisika. Mpiga picha akaipenda picha hiyo. Akazungusha pete, krrr, akamvuta hadi mgongo ukajaa, akabonyeza kitufe.

Alipoondoa jicho, kwenye tangi hapakuwa na mtu. Akarudisha jicho kwenye kitundu cha kutazamia. Mwanamke alikuwa mlangoni kwa kinyozi, nusu ya njia. Akaisukuma pete kumrudisha. Barabara yote ilirudi nyuma, tangi likawa dogo, nyumba zikawa ndogo. Yeye alibaki pale pale kwa kinyozi.

"Nini kinaungua?" mkewe aliuliza. "Nasikia harufu ya nywele."

"Angalia pasi yako."

"Pasi sijaiwasha tangu asubuhi."

Siku ya pili aliapa hatatazama, lakini macho hayana pazia. Alitazama mara moja tu, akijiambia kwamba anataka kuhakikisha hayupo, na kidole kikamsaliti kwa mazoea, pete ikazunguka. Mwanamke alikuwa chini ya nguzo ya umeme iliyo mbele ya nyumba yao, bado amempa mgongo, na sasa nywele zake zilionekana, ndefu, zimelowa, zikidondosha matone ambayo hayakuacha alama kwenye vumbi. Mpiga picha akaifungia kamera kwenye saraka ya meza yake pamoja na lenzi yake, akaweka ufunguo juu ya kabati, asimwambie mkewe kitu. Hilo ndilo kosa ambalo mimi siwezi kumsamehe. Mtu akificha nyoka chumbani ili asiwatishe wenzake, amewatayarishia kuumwa.

Siku ya tatu alirudi kutoka kwa mhariri mchana ule ule wa saa saba. Kwenye ngazi alisikia kwamba cherehani imenyamaza. Mkewe alikuwa ameshuka kwa jirani kupeleka gauni, dakika tano tu. Mpiga picha alifungua mlango, akaufunga nyuma yake, ndipo akasikia sauti anayoijua, krrr, krrr, taratibu. Kiti kilikuwa kimesogezwa kwenye kabati. Chiriku alisimama dirishani, kamera imemzidi uzito, jicho limebanwa kwenye kitundu.

"Chiriku! Iweke chini!"

"Namsaidia shangazi, Baba," alisema bila kugeuka. "Alikuwa amechoka kusimama juani. Nimemvuta mpaka kwenye ngazi. Kisha nimemvuta tena." Sasa akageuka, akitabasamu, akatazama juu ya bega la baba yake. "Karibu, shangazi."

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho ya Chiriku siku ile. Yule mtoto ambaye alizungumza hata usingizini alikaa kwenye kiti kidogo kando ya cherehani, akafunga kinywa. Hakula. Maji waliyomnywesha yalimtoka pembeni mwa mdomo. Walipomwita aliinamisha kichwa upande kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka ng'ambo ya uwanja na hana hakika kama ni yeye. Daktari alimpima kila kitu akasema haoni ugonjwa, warudi akizidiwa. Kesho yake midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, na sauti ya pumzi yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyopaswa kuwa kwa mtoto aliyekaa hapo mbele yao.

Mama Chiriku alimvuta mumewe hadi jikoni, akanong'ona huku machozi yakimshuka.

"Umeleta nini ndani ya nyumba yangu?"

Akamwambia yote. Mkewe hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Basi mtoe. Sijui utamtoaje. Mtoto hafiki kesho kutwa bila maji."

Mpiga picha akakimbia kwa fundi wa kamera, mwanamama mnene mwenye mikono midogo ya ajabu, ambaye mji mzima ulimwita Bi Bisibisi. Alizoea kumpokea kila mteja kwa kejeli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeidondosha kamera tena, au safari hii umeikalia?"

Mpiga picha akaweka ile lenzi ya kuvuta juu ya meza. Bi Bisibisi akaacha kucheka. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, asiiguse.

"Hii niliifungua zamani, kwa mwenye nayo mwingine. Katikati ya vioo palikuwa na unywele mrefu, umelowa. Nikautoa. Nikafunga. Kutazama tena, unywele upo." Akashusha sauti. "Mama yangu alikuwa mganga. Mimi nikakimbilia bisibisi. Naona sikufika mbali."

"Nikiivunja?"

"Ukiivunja sasa umevunja daraja naye yuko upande wako. Nisikilize. Yule ni jini, alikuwa mbali huko kwake, hana shida na mtu. Umemvuta bila hodi. Ukisukuma pete harudi, umeshaona. Chukua lenzi yako fupi. Umwendee wewe, kwa miguu yako, mpaka uso wake ujae. Usirudi nyuma hata hatua moja. Msalimu. Omba ruhusa. Akikubali, mpige picha, ataondoka nayo."

"Akikataa?"

"Akikataa itabidi umsikilize anachodai." Alisukuma lenzi kwa ncha ya bisibisi, ikarudi upande wa mteja. "Nenda. Usiniombe nikufuate. Mimi nafungua lenzi, sifungui hiyo milango."

Alifika nyumbani saa saba ikikaribia. Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto, kijiko cha maji mkononi, akimbembeleza. Mpiga picha akafunga lenzi fupi kwenye kamera. Alikosea mara mbili kabla haijakaa mahali pake. Akainua kamera machoni.

Alikuwepo. Alisimama nyuma ya kiti cha Chiriku, uso umeelekea ukutani, vidole virefu vimetulia juu ya nywele za mtoto, na pale Mama Chiriku alipopeleka kijiko, gauni la majivu lilikuwa likimgusa mkono naye hajui.

"Yupo?" mkewe aliuliza kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Yupo. Usisogee."

"Wapi?"

"Usiniulize wapi, mke wangu."

Kwenye lenzi ile ya mwalimu mwanamke alionekana mdogo, kwa kuwa lenzi fupi haimdanganyi mtu kuhusu umbali, na chumba chenyewe hakikuzidi hatua saba, lakini mpiga picha alipopiga hatua ya kwanza alihisi sakafu imerefuka, na alipopiga ya pili harufu ya nywele ikamwingia kooni mpaka macho yakamtoka machozi na kitundu kikawa na ukungu, na hakuthubutu kuufuta kwa sababu kuufuta kungetaka aondoe jicho, na alijua kwamba akiondoa jicho hatajua tena yule kasimama wapi, kwa hiyo akaenda hivyo hivyo akipapasa kwa miguu, akikanyaga vipande vya vitambaa na pini, akipita pembeni mwa mkewe ambaye alikuwa ameuma kanga yake asilie, hatua ya tano, ya sita, mpaka nywele zile zilizolowa zikajaa picha yote na baridi yake ikampiga mkononi.

"Hodi," alisema, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mwanamke akaanza kugeuka. Mwili wote wa mpiga picha ulitaka kurudi nyuma, na lau angekuwa na ile lenzi nyingine angemsukuma mbali kwa kidole kimoja. Kwa hii hakuwa na kidole cha kumsaidia. Akakaza magoti. Uso ukaja, mkavu, wa kijivu, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetazama kitu kilicho mbali sana ingawa aliyekuwa mbele yake ni mpiga picha.

"Shikamoo, mama. Nilikukosea. Nilikupiga picha bila kukusalimu. Naomba ruhusa yako sasa."

Mwanamke akatikisa kichwa kukataa. Kisha sauti ikasikika, kavu, karibu kuliko sikio.

"Nafasi yangu kule mwisho haikai tupu. Ulinitoa. Mtoto anaijaza."

Hapo mpiga picha akaelewa kwa nini Chiriku aliinamisha kichwa kila alipoitwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mbali, na kila siku alizidi kwenda.

"Mrudishe," alisema. Hakufikiria, na sidhani mzazi yeyote angefikiria. "Mrudishe mwanangu. Nitaijaza mimi."

"Utaijaza?"

"Nitaijaza."

Macho ya kijivu yakamtulia, na kwa mara ya kwanza yakaonekana yanamwona. Kisha mwanamke akampita begani kama upepo wa friji lililofunguliwa, mlango ukafunguka, ukajifunga. Harufu ikakatika.

"Maji!" Chiriku alilia. "Mama, maji!"

Alikunywa vikombe vitatu bila kupumua, akakohoa, akalia, akaanza kusimulia yote kwa mpigo mmoja: kwamba alikuwa kwenye tangi, kwamba kulikuwa na jua kali, kwamba aliwaita wakawa wanamtazama tu. Mama yake alimkumbatia akimbusu macho, akicheka na kulia, akimwambia atulie, kisha akimwambia asinyamaze, asinyamaze tena maisha yake yote. Mpiga picha aliweka kamera chini. Akapiga magoti kando yao, akamshika mtoto mkono, akaweka mkono wake mwingine begani mwa mkewe.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Baba yupo."

Chiriku akainamisha kichwa upande, akatazama juu ya kichwa cha baba yake, kupitia dirishani.

"Mama, Baba anasema nini? Mbona amesimama mbali hivyo?"

"Niko hapa," alisema mpiga picha, akaubana ule mkono mdogo. "Chiriku, niko hapa, nimekushika."

Mama Chiriku akainuka, na mkono wa mumewe ukateleza kutoka begani mwake bila yeye kuuhisi. Akaenda dirishani, akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua, akaanza kumtafuta mwisho wa barabara.