Tausi wa Java

Joyness ndiye aliyeisimulia hadithi hii kwanza, Pasaka ya 2019, tulipomaliza matanga ya mama mkwe wake.

Jioni ya kisa chenyewe, nyumbani kwao Chimala, mumewe Obeid alimtuma kutumbukiza barua katika sanduku la posta. Ilikuwa notisi: Tupokigwe, mjane wa kaka yake Gerson, atoke katika nyumba ya Igowole ndani ya siku thelathini.

Stempu Obeid aliichomoa kwenye albamu ya marehemu. Gerson, karani wa posta, alikusanya stempu za tausi: wa India, wa Java, wa Kongo. Siku ya kugawa vitu vyake, Tupokigwe aliomba albamu hiyo tu. Obeid akamnyima.

“Gerson alisema kitandani, kabla hajafa,” Joyness alinong’ona. “Atakayemtoa mke wangu, ataziramba stempu zangu mwenyewe.”

“Mama Didas, umeolewa na mimi au na marehemu?”

Obeid akacheka, akatoa ulimi, akamramba tausi wa Java. Akabandika.

Njiani bahasha ilipata joto. Ikanuka manyoya yaliyoungua. Joyness akaitumbukiza haraka.

Ndani ya sanduku… kitu kikapiga mabawa.

Aliporudi, giza likiingia, Obeid alikuwa ameketi kinywa wazi. Katikati ya ulimi palikuwa na doa la kijani, lenye duara la buluu.

Jicho.

Likapepesa.

“Baba Didas?”

Akajibu. Ukelele mkali, mrefu, wa ndege. Mbwa wa mtaa mzima wakanyamaza.

Hospitalini walisema ni neva.

Kwenye baraza la kata, Igowole, Obeid alisimama kudai nyumba. Mara tatu alifumbua kinywa. Mara tatu akalia vilevile. Wajumbe wakafunga jalada. Tupokigwe akabaki na nyumba yake.

Nje, alimwonyesha Joyness ile bahasha. Kwenye stempu palibaki muhuri na tawi tupu.

“Gerson alizipaka nini stempu zake, dada?”

“Hakupaka kitu, mdogo wangu. Alikuwa akizinong’oneza tu, kila jioni.”

Joyness alimpelekea Tupokigwe albamu kwa mikono yake, ameifunga kwa kitenge.

Joyness yupo hai. Obeid yupo, hasemi. Tupokigwe yupo Igowole. Jioni huifungua albamu, akainamia wale tausi wawili waliobaki, midomo ikimcheza.

Didas, mtoto wa Obeid, naye yupo. Mwaka jana alianza kuulizia ile nyumba.